Vinapeana Kama Sisi

9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Naomba posta isikae na barua hii mpaka nimalize shule. Sisi huku tupo. Mama ameanza kushona sare za wanafunzi, kwa hiyo sebule nzima ni kitambaa cha kijani, na mtu akitaka kukaa lazima kwanza apapase kiti asije akakalia pini. Bomba la uani limetengenezwa na sasa linavujia upande wa pili. Mimi ni mzima. Nimekuwa wa kwanza kwenye biolojia na wa mwisho kwenye mdahalo, maana nilisimama, nikasema "Mheshimiwa mwenyekiti", nikakaa.

Najua ungependa nipige simu. Lakini unanijua, nikishika simu maneno yananikimbia, nabaki kusema ndiyo, ndiyo, mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta.

Kilichonifanya niandike ni mguu wa Bibi.

Mwanzoni mwa mwaka alikanyaga kipande cha waya pale kwenye kamba za kuanikia nguo. Kidonda kilikuwa kidogo tu, chini ya kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto. Unajua mama yako ana sukari, na unajua pia kwamba hapendi kuambiwa ana kitu. Alifanya kama afanyavyo siku zote. Alishusha lile kopo lake la biskuti lenye picha ya farasi, akatoa kidonge cha rangi mbili, akakitenganisha katikati, akanyunyizia ule unga kwenye kidonda. Vingine akameza. Alipoona nafuu akaacha, akavirudisha vilivyobaki kwenye kopo.

Tangu ulipoondoka kopo limezidi kujaa. Kila mtu uani akipewa dawa hospitali, akijisikia vizuri kabla hazijaisha, anamletea Bibi zilizobaki. Na kila anayeumwa anakuja kuchukua. Siku hizi wanamwita Daktari wa Kopo, naye anaitika.

Lakini kidonda hakikupona. Kimechimba, kina harufu, na wekundu umepanda mpaka kwenye fundo la mguu. Mama alimlazimisha kwenda zahanati. Wakachukua usaha kwa kijiti chenye pamba, wakapeleka kuotesha maabara. Jibu lilipokuja daktari alisema vijidudu vya Bibi ni sugu, karibu kila dawa waliyojaribu haivigusi.

Bibi akamwambia, "Sugu? Basi vimenirithi mimi."

Wote walicheka isipokuwa mimi na daktari.

Nina maswali mawili. La kwanza: kati ya dawa zilizoshindwa kuna za sindano ambazo Bibi hajawahi kuchomwa maishani mwake. Kitabu chetu kinasema kiumbe hurithi sifa kutoka kwa mzazi. Sasa vijidudu vyake vimejuaje kuishinda dawa ambayo havijawahi kukutana nayo? La pili: je, mguu utakatwa? Nimemuuliza Mama, akaniambia nimkatie kitambaa.

Mpwa wako,
Kimya


27 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya kikombe cha chai juu ya bahasha, nashuku karani mmoja wa posta ameitumia kama meza. Mke wangu anakusalimu, anasema likizo uje akufundishe kugombana. Huku maabara imepakwa rangi mpya, kwa hiyo tunafanya kazi ndani ya harufu mbili, ya rangi na ile ya siku zote.

Swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani. Kitabu chenu hakijakosea, ila kimeishia njiani.

Fikiria darasa lenu. Mwanafunzi mmoja amepata jibu la swali gumu. Kurithi ni kwamba siku moja atazaa, na watoto wake watazaliwa wakilijua jibu hilo. Bakteria hufanya hivyo. Lakini bakteria hasubiri tu kuzaa. Ananakili jibu kwenye kikaratasi na kumpitishia aliyekaa kando yake. Huyo jirani si ndugu yake, wala si lazima awe wa darasa lake, anaweza kuwa bakteria wa aina nyingine kabisa. Jirani naye ananakili, anampa wa dawati la nyuma. Na yule wa kwanza hajapungukiwa na kitu, chake bado anacho.

Kikaratasi hicho ni kiduara kidogo cha DNA ambacho bakteria anakibeba kando ya DNA yake kubwa. Tunakiita plasmidi. Mwenye nacho anatoa kijibomba chembamba sana, anamvuta mwenzake karibu, wanashikana, na nakala inapita. Kazi yote inaweza kwisha kabla chai yako haijapoa.

Sasa, kuhusu zile sindano. Kikaratasi kimoja kinaweza kuwa na majibu ya maswali mengi. Jeni la kuishinda dawa ya rangi mbili linaweza kukaa mstari mmoja na jeni la kuishinda sindano ambayo Bibi hajaiona. Ukimeza rangi mbili, unawaua wasio na kikaratasi, na nafasi yote inabaki ya wenye nacho. Hao wamebeba furushi zima, hawakuchagua ukurasa. Na si lazima kikaratasi kiwe kimeandikwa mwilini mwa Bibi. Kinaweza kuwa kimeanza kwenye tumbo la mtu mwingine, kwa bakteria mpole asiyemdhuru yeyote, kikapita kwenye mikono, ndoo na taulo.

Ndiyo maana nataka ulitazame lile kopo. Linaenda kwa nani, linarudi na nini. Usigombane na mtu. Tazama tu, maana kwa kutazama hakuna anayekushinda.

Mwambie dada yangu asafishe kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, atumie kitambaa safi kila mara, na ule unga asiukubali tena. Nimezungumza na zahanati waniletee usaha mwingine hapa niuoteshe mwenyewe.

Muda wa mapumziko umekwisha, wananiita.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mama amemaliza nusu ya sare. Paka amezaa ndani ya kikapu cha mikono ya mashati na hakuna aliye na moyo wa kumhamisha. Shuleni mwalimu wa biolojia aliona nimechora plasmidi kwenye jalada la daftari, akaniuliza nimeyatoa wapi hayo, nikamwambia kwako. Akataka niwafundishe wenzangu. Nikasema koo linaniuma. Akasema koo langu linauma tangu kidato cha kwanza.

Nimetazama kama ulivyoniambia. Fundi viatu wa chumba cha kona alikuja na shavu limevimba, akachukua vidonge kwa ajili ya jino. Siku mbili tatu baadaye shavu likashuka, akarudisha viwili. Bibi akampa Mama Pacha vile viwili, maana mtoto mmoja alikuwa anakohoa. Mama Pacha akakifungua kimoja akachanganya na uji, wakagawana wote wawili, yule mzima na yule mgonjwa, ili wasigombane. Hakuna aliyemaliza dozi. Kila mtu amemeza kiasi cha kuua vijidudu vilivyo dhaifu tu. Na wote tunachota maji kwenye bomba moja, na beseni lile la bluu ambalo Bibi anaoshea mguu ndilo Mama Pacha anaazima kwa kuogeshea watoto.

Niliyaona hayo yote na yalikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Nilikuwa naona ni upendo. Bado naona ni upendo, hilo ndilo linalonisumbua.

Nimesoma pia, kwenye kitabu cha maktaba kisicho na jalada, kwamba vijidudu vina njia nyingine mbili. Kimoja kikifa kikapasuka, kingine kinaweza kuokota vipande vya DNA yake vilivyomwagika. Na kuna virusi vinavyoshambulia bakteria ambavyo wakati mwingine hubeba jeni la huyu kwa bahati mbaya na kumpelekea yule. Ni kweli? Nilisoma ukurasa huo mara nyingi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa kitu na kukipenda kwa wakati mmoja.

Kopo sasa ni tupu. Sina ya kueleza zaidi.

Kidonda kimeongezeka. Naomba ujibu swali langu la pili. Bibi anakusalimu.

Mpwa wako,
Kimya


5 Aprili

Kimya wangu,

Marahaba. Mpe paka pongezi zangu. Hizo njia mbili ni za kweli, na kitabu hicho kishonewe jalada.

Umeniandikia kwamba Bibi ananisalimu. Mama yako alinipigia simu jana. Anasema Bibi hajakutamkia neno tangu siku ulipochukua kopo likiwa limejaa na kulirudisha tupu. Ukimpa maji anayakataa, anayapokea kwa mama yako. Ukimsalimu anamsalimu paka. Sikujua, na wewe hukutaka nijue. Sawa, wala sikusemi kwa hilo.

Lakini ameniambia pia ulizimwaga wapi zile dawa. Chooni. Kimya, nisikilize, sikukemei. Ulifanya kwa nia njema na mimi ndiye sikukwambia. Choo cha uani ndiko vijidudu vya matumbo yenu yote vinakokutana. Ukivimwagia dawa kidogo kidogo, vinavyokufa ni vile vilivyo laini, na vyenye vikaratasi vinapata ukumbi mtupu wa kupeana. Dawa zilizobaki hurudishwa zahanati au duka la dawa zikateketezwe. Kilichomwagika kimemwagika. Safari nyingine utajua.

Sasa habari za mguu. Usaha ulifika kwenye boksi la barafu na nikauotesha kwa mkono wangu. Tunapaka vijidudu kwenye sahani yenye chakula chao, juu yake tunapanga vidonge vidogo vya karatasi vilivyolowekwa dawa, kila kimoja na yake, halafu sahani inakaa kwenye kabati la joto. Asubuhi vijidudu vimefunika sahani kama ukungu kwenye kioo. Dawa inayofanya kazi inakuwa na duara safi pembeni yake. Isiyofanya kazi, ukungu unaifuata mpaka mlangoni.

Nilifungua kabati nikashika sahani ya mama yangu. Hakuna duara. Hakuna duara. Hakuna. Niliizungusha kama mtu aliyepoteza ufunguo. Halafu nikaona duara moja, pana, la dawa ya sindano. Na lingine dogo zaidi, la dawa ya kumeza.

Kulikuwa na bakteria wa aina mbili tofauti kwenye kidonda, na wote wawili walizishinda dawa zilezile, kwa mpangilio uleule. Hilo lilinitia shaka. Nikachukua mmoja wao, nikamlaza kwenye mchuzi mmoja wa kuoteshea vijidudu na bakteria wetu wa maabara ambaye ni mlaini kabisa, hashindi dawa yoyote. Kesho yake baadhi ya wale walaini nao walikuwa sugu kama mwalimu wao. Nimesoma habari hii vitabuni tangu chuoni, lakini ilikuwa kana kwamba nimewasikia wakinong'ona.

Kwa hiyo dawa ipo. Ila Bibi lazima alazwe, achomwe sindano kila siku mpaka daktari aseme basi, halafu amalizie na vidonge bila kubakiza. Akiacha katikati, lile duara dogo linaweza kuzibika, na baada ya hapo sijui tutashika nini.

Hospitali hataki kusikia. Nikimpigia anasema "mtandao mbaya" na kukata, na mtandao ni mzuri kabisa, namsikia akimwambia paka. Mimi nimefungwa na zamu mpaka mwezi ujao. Mama yako ameshindwa. Umebaki wewe, ambaye hasemi nawe. Najua ninachokuomba.

Mjomba wako


26 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote ni wazima, paka na wanawe watatu pia. Leo sitaandika mengi ya nyumbani.

Hukujibu swali langu mara ya kwanza. Hukujibu mara ya pili. Nimekaa na barua zako mbili nikaona jibu liko pale pale palipoachwa wazi. Basi sikuuliza tena.

Jumamosi Mama Pacha alikuja kuomba kidonge, Bibi akamwonyesha kopo tupu bila kusema kitu. Mama Pacha akatoka uani akapaza sauti, "Nani katupa dawa zetu? Ajitokeze!" Wakatoka wote, hata wa vyumba vya nyuma. Mimi nilikuwa bombani na ndoo. Nilitaka kuingia ndani ya ndoo.

Nikasema, "Mimi."

Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba fundi viatu aliuliza, "Nani?" na ikabidi nirudie, na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

"Wewe? Kumbe una mdomo?" akasema Mama Pacha. "Haya, tueleze. Mwanangu anakohoa wewe unatupa dawa."

Nikajua nikianza na "Mheshimiwa mwenyekiti" nitakaa. Basi nikaingia ndani, nikachukua vipande vya kitambaa cha kijani vilivyokatwa na Mama, na pini. Nikamfuata fundi viatu nikambandika kimoja kifuani.

"Wewe ni kijidudu," nikamwambia.

"Mke wangu amekuwa akisema hivyo tangu tuoane," akajibu, watu wakacheka, na kicheko kile kikanisaidia kupumua.

Nikamwambia kitambaa kile ni siri ya kuishinda dawa, na kwamba akimgusa mtu akichota maji anampa kipande, naye abaki na chake. Nikamkabidhi mkasi. Nikawaambia wengine wachote maji kama kawaida. Dakika chache tu kila mtu alikuwa na kijani, hata mapacha, hata mwenye nyumba aliyekuwa amepita tu kuangalia bomba. Mama Pacha alimpelekea Bibi dirishani, akapitisha kipande kati ya nondo. "Na wewe, Daktari, usikose." Bibi akakipokea.

Ndipo nikapanda juu ya jiwe la kufulia na kusema, "Sasa mimi ni dawa. Wasio na kitambaa, watoke nje ya geti."

Hakuna aliyetoka.

"Bado nipo, ni dawa kali, ya sindano, hamjawahi kuniona. Wasio na kitambaa, nje!"

Fundi viatu akashika kipande chake, akatazama dirishani, na hakuwa anacheka tena. Akauliza, "Kwa hiyo vijidudu vya jino langu ndivyo vimeufundisha mguu wa Bibi?"

"Sijui," nikasema. "Labda vya tumboni mwako. Labda vyangu. Hatuwezi kujua nani alianza. Tunaweza kujua nani ataacha."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi, Mjomba. Nilishuka nikaenda kutapika nyuma ya choo.

Niliporudi Bibi aliita kutoka ndani, "Mke mwenza, njoo hapa." Hilo jina hakuwa ameniita tangu siku ya kopo.

Alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mto, kile kitambaa mkononi. Akasema, "Kumbe vinapeana kama sisi."

"Ndiyo, Bibi."

"Mtu anatoa, na chake hakipungui."

"Ndiyo."

Akakikunja kitambaa kikawa kidogo kabisa. "Mimi sikuwa nauza. Nilikuwa natoa."

"Najua, Bibi. Nisamehe nilichukua bila kukuuliza."

"Ulichukua kama mwizi. Ungesema."

"Ningesema usingenisikia."

"Nisingekusikia," akakubali. Halafu akanitazama sawasawa. "Niambie jambo moja, na usinifiche kama hao wengine. Mguu utakatwa?"

Nikamwambia, "Unaweza kukatwa. Mjomba hataki kuandika, ndiyo maana najua. Lakini kuna dawa moja ya sindano ambayo bado inafanya kazi, na moja ya kumeza ya kumalizia. Ukienda sasa, labda mguu utabaki. Ukingoja, hautabaki."

Mama alikuwa mlangoni na futi yake ya kupimia shingoni, analia bila sauti.

Bibi akasema, "Angalau mmoja katika ukoo huu anajua kusema. Nipeni kanga yangu nzuri. Siendi kulazwa na hili tambara."

Amelazwa tangu juzi. Nitaenda kila siku baada ya shule.

Kimya


8 Mei

Kimya,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Jibu la swali lako la pili lilikuwa ndiyo, mguu ungeweza kukatwa. Lilikuwa ni ndiyo tangu Februari. Neno hilo nimeliandika kwa ajili ya mama za watu wengine bila kalamu kusita, lakini kwa mama yangu mkono uligoma, nikakuachia wewe ulibebe. Halikuwa zigo lako.

Daktari wa upasuaji amenipigia. Kidole cha mwisho ilibidi kiondoke, kilikuwa kimeshakufa. Lakini wekundu umerudi nyuma, umeshuka chini ya fundo la mguu. Anasema duara lile pana linafanya kazi ndani ya mwili kama lilivyofanya kwenye sahani.

Sasa sehemu ngumu. Sindano mtu hawezi kuzibakiza. Vidonge anaweza. Atarudi nyumbani na pakiti, atajisikia vizuri, mguu utakauka, na mtu atabisha hodi. Hapo sitakuwepo, wala daktari.

Simama naye.

Mjomba wako


21 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sare zimekwisha, sebule ina viti tena. Watoto wa paka wamegawiwa, mmoja yuko kwa fundi viatu na analala ndani ya kiatu cha mteja. Shuleni nilifundisha plasmidi. Koo liliuma kweli safari hii, lakini nilifika mwisho, na wa nyuma kabisa akaniuliza kama vikaratasi vinaweza kupotea vyenyewe. Nikamwambia vinaweza, maana kuvibeba ni kazi, na pasipo na dawa wengine huvitupa, ila polepole na si wote, kwa hiyo tusikae tukisubiri. Mwalimu aliandika swali lake ubaoni. Mimi nilibaki nikitazama chaki mkononi mwangu.

Bibi alirudi akiwa na fimbo na vidole tisa. Mtu akimpa pole anamjibu, "Tisa vinatosha kunifikisha ninakotaka." Dada wa hospitali alimwandikia vidonge vya asubuhi na jioni, na mimi nikawa mlinzi. Wiki ya kwanza ilikuwa rahisi. Baadaye kidonda kikafunga, ngozi mpya ikaja, nyororo kama ya mtoto, na akaanza kuuliza, "Hivi hivi vyote ni lazima?" Nikimwambia ni lazima anameza huku amenikazia macho, kana kwamba ananimeza mimi.

Juzi jioni tulikuwa tumekaa mlangoni. Pakiti ilikuwa pajani mwake, imebaki kidogo. Akaja Mama Pacha na yule mtoto anayekohoa, mgongoni, amelegea, uso unang'aa kwa homa. Hakusema sana. Alisema tu, "Bibi."

Niliuona mkono wa Bibi. Ulienda kwenye pakiti wenyewe, kama mkono wa mtu anayefukuza nzi. Vidole vilikuwa vimeshaishika. Mimi nilisimama, mdomo umefunguka, na hakuna neno lililotoka. Baada ya jiwe la kufulia, baada ya ubao, nilisimama pale kama zamani.

Bibi akanitazama. Akamtazama mtoto. Akabonyeza kidonge kimoja, akakiweka mdomoni, akakinywea maji, halafu akafungua kinywa chote na kuutoa ulimi ili mimi na Mama Pacha tuone hakuna kitu.

"Hiki kingemdanganya," akamwambia Mama Pacha. "Hakijui anaumwa nini. Nami sijui."

Mama Pacha akaanza kulia. "Nitafanya nini usiku unaingia, zahanati ni foleni, na huyu mwingine nimuache na nani?"

"Huyu mwingine atabaki na mke mwenzangu, hana kazi, amesimama tu. Foleni tutakaa wote wawili, mimi nikiwa na fimbo watanipa kiti, na wewe utakaa ubavuni mwangu. Mpe huyo mtoto nimbebe."

"Bibi, mguu wako."

"Mguu wangu umekula sindano za kutosha, na wenyewe ufanye kazi."

Mtoto hakumbeba, Mama Pacha alikataa. Lakini Bibi alienda. Niliwatazama mpaka getini, fimbo, mguu, fimbo, mguu, na ule wa kushoto ukikanyaga chini kama wa kulia. Walirudi usiku na dawa ya mtoto, ya maji, imeandikwa jina lake. Bibi alimsomea Mama Pacha maelezo yote kwa sauti, akamrudishia chupa, akamwambia akiisha kuitumia yote amletee chupa tupu aione. Sasa uani kila mtu anamletea chupa tupu na pakiti tupu. Anazikagua moja moja kama forodha, zikipita anazitia kwenye kopo la farasi. Akikuta kidonge kimebaki anampigia mtu kelele mpaka mwenye nyumba anatoka, halafu wanafuatana naye dukani kwa mfamasia kukirudisha. Bado wanamwita Daktari wa Kopo.

Pakiti yake mwenyewe imeisha leo asubuhi. Imeingia koponi ikiwa tupu.

Bibi anakusalimu. Safari hii ni kweli: amesimama nyuma yangu, kwa miguu yake miwili, anasoma juu ya bega langu, na anasema nikuandikie kwamba mtandao ni mzuri, upige.

Mpwa wako,
Kimya